Kombinezo Mbili

Kombinezo za wapiga mbizi zilifika kwa Mama Léonie siku ya Jumatano mchana, zimefungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Kabla hata mfuko haujafunguliwa, kuku walihamia upande wa pili wa parseli, ule uwanja wa nyumba yake.

Osée ndiye aliyeuleta. Aliushusha kwenye kamionete, gari lao dogo la mizigo, akauweka chini, akarudi nyuma hatua tatu kama mtu aliyeweka nyoka.

“Mama, nakuletea parfum,” akasema.

“Ninaisikia tangu ingali ku barabara,” Mama Léonie akajibu. “Munaendaka kuzama, ao munaendaka kufuga nguruwe?”

Osée alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye mabega mapana, na siku nyingine angebaki pale akitafuna karanga za mama na kumtania. Siku ile hakuomba karanga.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Mama Léonie kufua kombinezo zile. Mume wake, Papa Kunda, mtu wa reli, alipokufa, Adalbert alikuja kumpa pole. Adalbert huyo alikuwa mkubwa wa wapiga mbizi, na aliimba bass pamoja na marehemu kwenye kwaya ya parokia. Mwishoni mwa pole akamwambia kwamba mke wake amezifukuza kombinezo nyumbani kwa sababu ya harufu, na je, mama angeweza kuzitunza? Majirani wa Katuba, mtaa wao, waliposikia, walicheka sana. Kupiga mbizi Lubumbashi? Wapi, ndani ya chupa? Hawakujua kwamba mashimo ya zamani ya shaba yamejaa maji, na kwamba pompu zinakaa chini kabisa, na matope yakizikaba ni lazima mtu ashuke gizani kuzizibua kwa mikono.

Maji yale ni mabaya, yanakula ngozi. Ndiyo maana kombinezo zile hazikuwa nguo za kulowana. Zilimfunga mtu tangu miguu hadi shingo asiguswe hata na tone. Zilikuwa mbili tu. Moja ya Adalbert, moja ya Osée. Na sheria yao ilikuwa moja: mmoja akishuka, wa pili anakaa juu amekwisha kuvaa, tayari kumfuata. Asipokuwepo wa pili, hakuna wa kwanza.

Mama Léonie alikuwa amesoma hadi mwaka wa tano wa primaire, shule ya msingi, akaacha. Lakini kitu ukimwambia mara moja, hakitoki. Mafundisho ya Adalbert aliyashika kama katekismu. Maji safi mara tatu. Sabuni ya mtoto, ile ya unga hapana. Brashi hapana. Jua hapana. Zipu ifunguliwe yote, isuguliwe na mshumaa. Mipira ya shingo na ya mikono ipakwe poda. Kombinezo ikauke kwanza ndani, halafu igeuzwe ikauke nje. Miaka mitatu hakukosa hata neno moja.

Lakini mfuko wa Jumatano ile haukuwa kama mifuko mingine, na yeye alijua unatoka wapi. Mtaa mzima ulijua.

Parseli ya tatu kutoka kwake alikaa Mama Wivine, mwanamke wa parokia moja naye, ambaye walikaa benchi moja kila Jumapili. Mtoto wake wa mwisho, Jephté, alikuwa amekwenda na wenzake kuosha mawe ya madini kando ya shimo moja la zamani lisilo na mwenyewe tena. Ukingo ulikatika chini ya miguu yake. Wenzake walisema hakulia hata. Walisikia udongo, halafu maji, halafu basi. Adalbert aliposikia, hakungoja kuombwa. Jumanne walishuka mara ya kwanza, yeye na Osée, wakazunguka upande mmoja wa shimo, wakatoka mikono mitupu. Wangerudi Jumamosi. Mkubwa wa eneo alikuwa amewaambia wazi: Jumamosi, halafu mwisho, kwa sababu mvua zimeanza na kingo zinaanguka.

Kwa hiyo nyumbani kwa Mama Wivine watu hawakujua kama walie au wangoje. Wanawake walikuwa wametandika mikeka, lakini hakuna aliyethubutu kuanza wimbo. Kilio bila maiti ni kama kumzika mtu aliye safarini. Mama mwenyewe alirudia neno moja tu kwa kila aliyeingia: “Banipatie yee. Hata namna gani, banipatie yee.”

Mama Léonie alifungua mfuko. Harufu ya matope ya shimo aliijua, harufu ya mayai yaliyooza. Akaigeuza kombinezo ya Adalbert, ndani ikanuka jasho tu. Akaigeuza ya Osée, akasimama.

“Osée. Hii harufu haiko ya shimo.”

Kijana alikuwa bado amesimama pale, anatazama viatu vyake.

“Pardon, mama. Usiambie bakubwa.” Akameza mate. “Kule chini hauone kintu. Unagusa na mikono tu. Njo nikagusa kintu, iko laini, iko munene sawa muntu. Nikasema, njo yee. Mwili yangu yote ikaniachia. Nikajikojolea, mama, sawa mutoto.”

“Alikuwa yee?”

“Hapana. Mufuko ya zamani, inajaa matope. Upande ile tulikuwa hakukuwa muntu. Adalbert mwenyewe anasema iko upande ingine.” Akainua macho. “Usiambie muntu, mama. Nakuomba.”

“Kila muntu alitoka mu tumbo ya mama yake analowana,” Mama Léonie akasema. “Enda kula. Minaona haujakula tangu jana.”

Hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke ambaye siri huingia kwake na kukaa, kama chumvi kwenye mtungi.

Alifua mchana ule wote. Maji matatu, halafu ya nne, halafu bikaboneti ile ya kulainishia maharage, aliyoiacha ikae ndani ya kombinezo saa nzima. Ya Adalbert ikakubali. Aliitundika chumbani kwenye mti mnene wa kutundikia mabega, na kufikia Alhamisi jioni ilikuwa kavu. Ya Osée ikakataa. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa, madirisha yakafungwa, na mjukuu wake Keren akasukuma sahani yake mbali akisema bukari, ugali wake, inanuka choo. Mama Léonie akaifua mara ya tano.

Ijumaa asubuhi jua lilitoka. Akaitoa nje, akaitundika chini ya paa, kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, ipigwe na upepo. Halafu akaenda kwenye misa, akapita kwa Mama Wivine. Alimkuta amekaa chini, ana shuka jeupe jipya mapajani.

“Mama Léonie, banguo ya ba Adalbert iko tayari?”

“Kesho itakuwa tayari.”

“Nazo njo zitaenda kumuletea. Uzifue muzuri.”

“Ninafua muzuri, mama.”

Aliporudi, mchana ulikuwa umekwisha kupinduka. Kombinezo ilikuwa imekauka. Na mgongoni, na pale kati ya miguu ambapo mkojo uliingia, walikuwa wametua nzi wa rangi ya kahawia, wanono, wametulia kama watu kwenye benchi.

Yeyote aliyelelewa Lubumbashi anawajua nzi wale. Wanapenda nguo iliyonuka mkojo. Wanataga humo mayai yasiyoonekana, na ukiivaa nguo, funza anaingia kwenye ngozi na kunenepa pale pale. Mwaka uliopita Mama Léonie mwenyewe alimkamua Keren funza kumi na mmoja mgongoni, kwa sababu ya shuka moja ambalo halikupigwa pasi. Ndiyo maana kule kila kitu kinapigwa pasi: suruali ya ndani, leso, nepi, hata kitambaa cha kupangusia meza. Mama wa kule anaweza kusahau chumvi kwenye mboga. Pasi hasahau.

Akamwona Osée kwenye fikira zake, amevaa ile, amefungwa shingo na mikono, hawezi hata kujikuna, yuko gizani anatafuta mtoto wa mtu. Akatia makaa kwenye pasi.

Adalbert alikuwa amemkataza jua, brashi na sabuni ya unga. Pasi hakuwa ameitaja. Huko nyuma kombinezo zilikuwa zikikaukia chumbani, nzi hawakuzifikia, na neno hilo halikupata nafasi ya kusemwa.

Hakuikandamiza. Aliweka kitambaa chenye maji juu, akapitisha pasi kwa wepesi kama unavyopitisha mkono kwenye kichwa cha mtoto mgonjwa. Kati ya miguu, vizuri. Mgongo, vizuri. Alipofika begani alisikia sauti ndogo kama mafuta kwenye kikaango. Akainua kitambaa. Ule utepe wa mpira uliofunika mshono ulikuwa umejikunja na kuinuka, urefu wa kidole, na chini yake matundu ya uzi yalionekana, moja moja.

Mama Léonie aliweka pasi chini. Aliubonyeza utepe kwa vidole gumba viwili, ungali wa moto, vikaungua, hakuviondoa. Ulipopoa ulikuwa umeshika. Akaigeuza kombinezo. Kwa nje hakukuonekana kitu. Bega lilikuwa bega.

Inashika, akajisemea. Unaona, inashika. Akaipaka poda, akapitisha mshumaa kwenye zipu, akaikunja. Lakini hakuweza kula, na rozari ya jioni ile aliipoteza hesabu mara tatu kwenye fumbo moja.

Alizipima njia zote mbili. Akisema, kombinezo inabaki moja, na kwa sheria yao moja ni sawa na sifuri, na Jumamosi ndiyo ya mwisho. Mama Wivine hatampata mtoto. Akinyamaza, huenda utepe ukashika. Na usiposhika, maji mabaya yataingia begani kwa Osée, yatajaza miguu, yatamvuta chini, naye atafikiri ni kosa lake. Alipima hadi akachoka kupima, kwa sababu alijua tangu mwanzo ni ipi iliyo nzito.

Jumamosi saa kumi na mbili ya asubuhi kamionete ilisimama barabarani. Adalbert alikuwa kwenye usukani. Osée alikuwa nyuma na chupa za hewa. Na mbele, kando ya Adalbert, alikaa Mama Wivine na shuka lake jeupe.

“Mama Léonie!” Osée akaita. “Leta banguo ya harusi.”

Alizitoa, moja kila mkono. Akampa Adalbert ya kwake. Ya Osée hakuiachia.

“Papa Adalbert, shuka kidogo. Hii niliipiga pasi.”

Adalbert alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya mbali. “Uliipiga nini?”

“Pasi. Inzi zilitaga. Niliogopa funza. Mpira ya bega ikainuka, nikairudisha na vidole. Kwa macho inashika.”

“Ah, mama,” Osée akasema kwa upole, “unanipiga pasi sawa costume!” Halafu alimwona Adalbert uso wake, akashuka na chupa moja ya hewa.

Adalbert alishuka. Aliitandaza kombinezo kwenye mkeka, akafunga zipu, akakaza shingo na mikono kwa kamba, akaunganisha chupa ya hewa. Kombinezo ikaanza kuvimba. Ikajaa miguu, ikajaa tumbo, ikanyoosha mikono, hadi ikalala pale mkekani kama mtu mnene asiye na kichwa. Kwenye kamionete Mama Wivine alitoa sauti, akafunika uso kwa shuka.

“Leta povu,” Adalbert akasema.

Mama Léonie mwenyewe alikoroga sabuni, mwenyewe akalipaka bega. Alipaka polepole. Kwa muda povu lilikaa bila kutikisika, na Mungu amsamehe, alianza kutumaini. Halafu viputo vikatoka kwenye mshono, vidogo vidogo, vimepangana kama shanga, na baada yake utepe ukafunguka wote kwa mara moja, hewa ikapiga kelele.

Adalbert alifunga chupa. Alikaa chini kwenye mkeka kando ya kombinezo iliyokuwa inasinyaa.

“Gundi yake hakuna hapa?” Osée akauliza.

“Iko inatokea Afrika Kusini. Ile ya mwisho ililala siku kumi na mbili pa mupaka ya Kasumbalesa.” Akajipangusa uso. “Lelo njo ilikuwa mwisho.”

“Ushuke weye, mimi nikae juu bila nguo. Kama mambo inakuwa mubaya, naruka tu.”

“Uruke mu ile maji na suruali? Utatoka bila ngozi. Kama utatoka.” Adalbert akainuka, akatazama upande wa kamionete. “Nitamwambia mama nini? Nitamwambia mvua.”

“Hapana,” Mama Léonie akasema. “Nitamwambia mimi.”

Alikwenda hadi dirishani. Mama Wivine alikuwa ameshusha shuka usoni. Mama Léonie alimwambia yote, pasi, nzi, bega, na kwamba hawatakwenda. Jina la Osée halikuguswa. Hakuongeza neno la kujipunguzia.

Mama Wivine alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, bila kupaza sauti:

“Ulijua tangu jana?”

“Tangu jana.”

“Na jana ukanyamaza. Basi na lelo ungenyamaza. Masaa mbili tu, Mama Léonie. Masaa mbili.”

“Osée angefia mule.”

“Ao hangekufa.” Mama Wivine alifungua mlango, akashuka, akalikunja shuka mara mbili kwa utaratibu mkubwa. “Osée iko na bahati. Mama yake atamupikia magharibi.” Akaenda zake kwa miguu, na hakuna aliyemfuata.

Usiku wa Jumapili mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Jumanne walisikia kwamba ukingo wa shimo umeanguka kwa urefu wa uwanja wa mpira, na njia ya kuingilia imefungwa, na walinzi hawamruhusu hata padiri. Adalbert alikwenda mara mbili kuomba. Mara ya pili hakushuka hata kwenye kamionete.

Kanisani Mama Wivine alihama benchi. Alikaa upande wa wanaume, nyuma, kuliko kukaa karibu na Mama Léonie. Wanawake wengine walimsalimia Mama Léonie kwa midomo tu. Mmoja alisema, na akasema ili asikike, kwamba wako watu wanaotafuta mbingu kwa maiti za wenzao. Mama Léonie alifungua kitabu chake cha nyimbo akaimba. Kuna saa alipofikiri mwanamke yule amesema kweli.

Adalbert hakumfukuza kazi. Hakumletea kitu pia.

Halafu akafika mzee Lucien, mjomba wa Jephté, kutoka Mitwaba, siku tatu barabarani. Alisikiliza habari yote, akauliza swali moja: maji yamemrudisha? Wakasema hayakumrudisha. Akasema, basi tuzike udongo wa fasi ile, mahali alipofia, mtoto asizunguke. Lakini udongo wa pale nani angeuchukua? Walinzi walikuwa na bunduki.

Alhamisi ya juma lile, mchana, Mama Léonie alikuwa anachambua mchele alipoona kivuli mlangoni. Mama Wivine alikuwa amesimama pale. Amekonda. Mkononi alikuwa na mfuko mweupe wa kitambaa, ulioshonwa kwa mkono kutoka kwenye shuka.

Mama Léonie aliinuka, akavuta kiti. Mama Wivine hakukitazama.

“Maji ulisafishia zile nguo,” akasema. “Ile ya kwanza, yenye harufu. Uliimwanga wapi?”

Mama Léonie alielewa papo hapo, akaweka ungo wa mchele mezani.

“Bantu banasema ulifua mara tano na harufu haikutoka,” Mama Wivine akaendelea. “Kuku zilikimbia. Mujukuu yako anakatala kula. Nikasema, basi ba Adalbert baliguswa naye. Hata kama habakumuona, baliguswa naye.” Sauti yake ilikuwa tulivu sana, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi mdomoni. “Alikuwa mule, mama?”

Mama Léonie alijua kila kitu kilichokuwamo. Alijua jasho la Adalbert. Alijua mkojo wa kijana aliyeogopa gizani, na aliyeomba asitajwe. Alijua kwamba Jumanne ile walizunguka upande ambao mtoto hakuwapo. Mdomo wake ulifunguka kwa mazoea, kwa sababu kwa miaka yote ya maisha yake, alipoulizwa alijibu. Aliutazama mfuko. Mishono yake ilikuwa midogo, sawasawa, ya mtu aliyekaa nayo siku nyingi.

“Mulikuwa matope ya mule,” akasema. “Matope ya chini kabisa.”

Na hiyo ilikuwa kweli, naye alijua ni kweli ya namna gani.

“Ni wapi?”

“Nyuma ya jiko. Ku matembele.”

Walizunguka jiko. Majani ya matembele yalikuwa yamenawiri kwa mvua, yamefunika ardhi yote. Mama Wivine alipiga magoti, akaanza kuyatenga majani kwa mikono miwili, taratibu, bila kukata hata shina moja. Mama Léonie alikwenda kuleta jembe. Aliporudi udongo ulikuwa wazi, mweusi, umelowa.

“Ilikaa zaidi fasi gani?” Mama Wivine akauliza.

“Pale katikati.”

“Chimba pale.”

Mama Léonie alipiga jembe katikati. Udongo wa juu ulitoka, mwenzake akautia mfukoni kwa viganja. Ulitosha. Lakini Mama Wivine alikuwa bado ameshika mfuko wazi, hainui kichwa, kwa hiyo alipiga tena, na tena, akashuka hadi kwenye udongo mwekundu ambao hakuna maji yoyote yaliyopata kuufikia, na huo pia wakautia.